Barua ya wazi kwa studio iliyomfuta Dyson

KWA: Mkurugenzi wa studio ya kutafsiri filamu, pamoja na wenye vibanda umiza vyote (mabanda ya kuonyeshea filamu) vya Moshi mjini wanaonunua kazi zake.

YAH: KUMREJESHA MILES DYSON KATIKA FILAMU YAKE

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa redio na simu, meza yangu iko karibu na soko la Mbuyuni. Unanifahamu, maana nimefika ofisini kwako mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa na haraka. Mara ya pili nilimkuta kijana wako, nikamwachia karatasi mbili za maelezo, na wiki iliyofuata nikauziwa karanga zimefungwa kwenye mojawapo ya karatasi hizo, hapo hapo nje ya mlango wenu. Nikakutumia ujumbe kwenye simu, ukanijibu neno moja: "Poa." Tangu poa hiyo imepita miezi minne, na flashi zile zile zinaendelea kuuzwa. Basi leo naongea mbele za watu. Sina nia ya kukuharibia biashara; nimepiga hodi mpaka nimechoka.

Jambo lenyewe ni hili. Filamu ya pili ya Terminator ilitoka mwaka 1991, mwongozaji wake ni James Cameron. Wengi wetu tuliiona kwenye mikanda ya video ya kukodi, picha ikiruka ruka, tukimwita Arnold Schwarzenegger "Komando" hata pale alipokuwa si komando. Studio yenu imeitafsiri upya, na kwa sasa ndiyo nakala inayozunguka vibandani. Ndani yake yumo mtu anayeitwa Miles Bennett Dyson, aliyeigizwa na Joe Morton. Haonekani sana. Ni mhandisi, mkuu wa miradi maalumu katika kampuni ya Cyberdyne Systems, na kazi iliyo mezani kwake ndiyo itakayokuja kuzaa Skynet, mashine itakayowageukia binadamu. Katika tafsiri yenu mtu huyu hana jina, hana mke, hana mtoto, na hata kufa hafi sawasawa. Anapita kama kivuli, anapigwa risasi, watoto wanacheka, picha inasonga.

Malalamiko yangu nayaweka kwa namba ili yasisahaulike tena.

1. Jina lake.

Nimekaa na daftari nikahesabu. DJ wenu, yule anayetafsiri kwa sauti juu ya picha, anamwita "mchawi wa kompyuta" mara kumi na moja na "huyu mweusi" mara nne. Dyson, hata mara moja. Wengine wote wana majina. Yule adui wa chuma cha majimaji kampa jina la Zebaki, na hapo nampongeza kwa dhati, limekaa vizuri kuliko hata la wenyewe. Mbwa wa nyumba aliyolelewa John, yule kijana anayewindwa na Zebaki, anaitwa Max, na DJ kamtaja. Mbwa! Najua mtaniambia jina la mbwa lina kazi pale, maana ndilo linalomnasa Zebaki kwenye simu. Ni kweli. Lakini mwenye uamuzi mzito kuliko wote ndani ya picha naye alistahili japo jina moja.

Mtauliza jina lina faida gani. Pandeni gari hapo mjini mfike Mweka, kwenye Chuo cha Wanyamapori. Alisoma pale Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Tanga, aliona mchanganyiko wa aiskrimu wa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Akamuuliza mwalimu, akachekwa darasa zima. Baadaye akamuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye hakucheka, alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wakaandika makala pamoja, wakati huo Mpemba akiwa hapo Mweka. Osborne angeweza kabisa kuandika "mwanafunzi mmoja". Aliandika Mpemba, na leo ulimwengu mzima unasema athari ya Mpemba. Dyson ni wa kutungwa, sawa, sijachanganyikiwa. Ila watoto wanaoketi kwenye benchi zenu ni wa kweli, na wanajifunza kutoka kwenu ni nani mwenye jina na ni nani wa kuitwa "huyu mweusi".

2. Hesabu na maneno.

Hapa sitakaa sana. Komando, ambaye ni mashine iliyotumwa kumlinda John, anaeleza kwamba Skynet itapata akili zake tarehe 29 Agosti 1997, saa nane na dakika 14 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani. DJ kasema "saa mbili usiku". Jamani, kusoma saa ya Kizungu ni jambo la darasa la tatu. Kwetu Moshi ingekuwa saa tatu na dakika 14 asubuhi, siku ya Ijumaa, watu wako sokoni. Halafu wanaokufa ni bilioni tatu. DJ kasema milioni tatu, kawaokoa wengine wote kwa ulimi.

Na "neti". Komando anasema ubongo wake umejengwa kwa mtandao wa neva bandia, yaani kompyuta inayojifunza. DJ kasikia "net" akatangaza kwamba jamaa "amevalishwa neti kichwani". Kibanda kizima kilicheka, hata mimi nilicheka, maana nilimwona Komando amejifunika chandarua kichwani. Lakini neno hilo ndilo kitovu cha hadithi. Chipu ya namna hiyo ndiyo iliyopondwa pamoja na mashine ya kwanza kwenye mtambo wa kukandamiza chuma mwishoni mwa filamu ya 1984, mabaki yake na mkono wa chuma wa mashine hiyo yakaokotwa, yakafungiwa kwenye kabati la chuma la Cyberdyne, na Dyson akapewa aichunguze. Ukishaita neti, Dyson anachunguza nini? Chandarua?

3. Usiku wa nyumbani kwake.

Hili ndilo lililonitoa mezani kwangu.

Filamu halisi ina dakika 137. Nakala yenu ina dakika 94. Sikatai, picha ndefu inakata stimu, na mwenye kibanda anataka apige raundi tatu kabla ya mpira wa usiku. Lakini makasi yenu yamepita wapi? Kufukuzana kwa lori na pikipiki kumebaki kote. Kilichotupwa ni usiku ule Sarah Connor, mama yake John, anapokwenda kumuua Dyson ili Skynet isizaliwe.

Niwakumbushe waliouona zamani. Dyson yuko nyumbani, usiku, anafanya kazi kwenye kompyuta. Sarah yuko gizani nje na bunduki, nukta nyekundu imeshatua mgongoni kwa mtu. Mtoto wa Dyson, Danny, anachezea gari la rimoti. Gari linakuja kumgonga baba mguuni, baba anainama, risasi inapita juu yake inapasua kompyuta. Gari la kuchezea! Kisha risasi zinamwagika, anajeruhiwa begani, mkewe Tarissa anapiga kelele, na mtoto anamlalia baba yake kumkinga. Sarah, mwanamke aliyejinoa miaka yote kwa ajili ya vita, anashindwa kufyatua. Anakaa chini analia.

Kwenu, Sarah anaingia, risasi zinalia, halafu ghafla Dyson yuko ndani ya gari pamoja nao, anaelekea kazini kwake kulipua. Kwa nini yuko nao? DJ anasema, "Mchawi kasalimu amri." Hakusalimu amri, ndugu zangu. Komando alifika na John, akachana ngozi ya mkono wake mwenyewe, akaivua kama soksi, chini yake mkono wa chuma. Na Dyson akautambua, kwa kuwa mwenzake wa mkono huo alikuwa anauona kila siku kazini. Halafu akakaa mezani, bega likivuja damu, akaelezwa yote: vita, tarehe, watu bilioni tatu. Akalalamika, na lalamiko lake ni la haki: unanihukumu kwa mambo ambayo bado sijayafanya, tungejuaje sisi? Sarah naye akamjibu kwa ukali kwamba watu kama yeye ndio walioleta bomu la haidrojeni. Hakuna ngumi pale. Ni watu wanaongea jikoni. Nami nasema hiyo ndiyo sehemu kali kuliko zote.

Nitaeleza kwa nini inanigusa, na mnisamehe nikitoka nje ya barua kidogo. Dyson anasimulia kwamba chipu aliyopewa ilikuwa imevunjika, haifanyi kazi, ila ilimpa mawazo ambayo yeye na wenzake wasingeyafikia. Hiyo ni kazi yangu. Mimi sikusomea kutengeneza simu. Nilifungua zilizokufa, nikafuata njia za umeme kwa mita, aisii hii inalisha ile, nikachoma kwa blowa, nikaunguza, nikaanza upya. Kila fundi wa Mbuyuni amesoma kwenye mzoga. Na kuna siku Dyson aliwauliza wakubwa wake mzoga ule umetoka wapi. Wakamwambia asiulize. Akaacha kuuliza.

Mimi nami nimewahi kuacha kuuliza. Kijana anakuja na simu kali, imefungwa kwa namba ya siri, anataka ifunguliwe haraka, bei yoyote. Unamtazama. Unajua. Mikono inawasha kutaka kujua kufuli la toleo hilo jipya linafunguka vipi, na udadisi unakuwa mtamu kuliko ile elfu kumi yenyewe. Nimezifungua, si moja. Kwa hiyo simtetei Dyson kama malaika. Alikosea pale pale ninapokosea mimi. Tofauti ni kwamba yeye alipoonyeshwa mwisho wake, hakuhitaji kufungwa pingu. Alisema kwanza ataacha kazi. Akaambiwa haitoshi. Akachukua mafaili yake ya nyumbani, miaka ya kazi yake, akayachoma kwa mikono yake, akawapeleka mwenyewe hadi kwenye lile kabati la chuma lenye funguo mbili.

Katika benchi zile kuna watoto watakaosoma VETA hapa Moshi, wengine watafika chuo cha Nelson Mandela kule Tengeru. Kesho watapewa vitu wasivyoambiwa vimetoka wapi. Mmewanyima jambo moja tu katika picha nzima linalowahusu, mkawaachia pikipiki.

4. Kifo chake, na salamu zenu.

Dyson anapigwa risasi na polisi ndani ya maabara. Wenzake wanatoka, yeye anabaki ameegemea na kiwashio cha mabomu, ameshika kitu kizito juu yake. Mkono ukichoka, kitu kinadondoka, jengo linalipuka. Polisi wanaingia, anawaambia hajui atakishikilia kwa muda gani zaidi. Wanageuka mbio. Hapo ndipo sauti ya picha inabaki pumzi yake peke yake: fupi, fupi, fupi zaidi. Anawapa muda wa kutoka watu wale wale waliomtoboa.

Na juu ya pumzi hizo DJ wenu kaweka salamu. "Salamu ziwafikie wana wa Majengo, wana wa Pasua, kwa kazi nzuri piga namba hii." Ameisoma namba yote, tarakimu kumi. Alipomaliza, jengo lilikuwa limeshalipuka. Bibi yangu alikuwa akisema msibani hata muuza samaki hushusha beseni.

Sasa najua majibu yenu, maana mengine nimeshayasikia mlangoni.

Mtasema ni filamu tu. Kama ni filamu tu, mbona mnapigania iwe ya kwanza kutoka kwenu kabla ya studio nyingine? Mtasema watoto wanataka mapigano. Hapana, watoto wanataka kinachowashika, na gari la rimoti lingewashika zaidi ya lori, kwa sababu lori hawana ila gari la kopo na waya wanatengeneza wenyewe. Mtasema maneno ya kisayansi hayana Kiswahili. Hilo nimelimaliza, nitalieleza hapo chini.

Jibu lenu kubwa, lile mlilonipa mlangoni mkicheka, ni kwamba stelingi, yaani shujaa wa picha, hafi, na aliyekufa si stelingi, kwa hiyo akatwe. Ndugu Mkurugenzi, umeitazama filamu hiyo hadi mwisho? Stelingi anakufa! Komando anashushwa kwenye chuma kilichoyeyuka, kidole gumba juu, na kibanda kizima kinanyamaza. Nimeona wanaume wa kubeba mizigo wakijifuta macho kwa kofia. Anakufa kwa nini? Kwa sababu ndani ya kichwa chake kumebaki chipu moja ya mwisho, na anajua isipoyeyuka, kazi yote ni bure. Ni uamuzi wa Dyson umerudiwa. Alianza mhandisi, mashine ikamalizia. Ukimkata wa kwanza, wa pili anaonekana amechoka tu kuishi. Ndivyo alivyoniuliza kijana wangu wa kazi tulipotoka kibandani: "Fundi, mbona Komando kajiua na alikuwa ameshashinda?" Nikaanza kumweleza habari za Dyson. Akasema, "Dyson ndiye nani?" Alikuwa ametoka kuitazama filamu hiyo dakika hiyo hiyo.

Kuhusu hakimiliki sitii mguu. Sheria ya mwaka 1999 ipo, nanyi mnajua mlipo, nami niliyeeleza habari za simu hapo juu sina mdomo wa kuhubiri. Wenye kazi hiyo watakuja wenyewe.

Ninachoomba ni hiki. Jina lake litamkwe, Miles Dyson, tangu anapoonekana mara ya kwanza. Sehemu tatu zirudi: usiku wa risasi na gari la rimoti, mazungumzo ya mezani, na kifo chake chote kimya, bila salamu. Mkihitaji nafasi, punguzeni lori. Niko tayari kuja kuwaonyesha dakika zipi hazitakumbukwa na mtu. Saa iwe saa nane, na waliokufa wawe bilioni. Neti iondoke.

Kuhusu maneno, ninalo daftari. Nimeandika tafsiri ya kila anachosema Dyson, kuanzia mwanzo hadi pumzi ya mwisho, kwa Kiswahili cha Mbuyuni na si cha kamusi. "Chipu" nimeiacha chipu. Mtandao wa neva bandia nimeuita "ubongo wa waya unaojifunza", na nilipowasomea mafundi wenzangu hakuna aliyeuliza maana yake. Daftari hilo nalitoa bure. Nitakaa na DJ wenu usiku wowote atakaotaka, chai juu yangu. Sauti anayo, kipaji anacho. Aliyebuni jina la Zebaki anaweza kumpa Dyson haki yake akiachiwa dakika kumi na mbili tu.

Nanyi wenye vibanda, wa Majengo, Njoro, Pasua na Kiborloni: ninyi ndio mnaonunua. Mkikataa nakala ya dakika 94 wiki mbili tu, studio itasikia kuliko ilivyonisikia mimi.

Nitangoja hadi mwisho wa mwezi ujao. Kukiwa kimya, nitakodi kibanda siku ya Jumapili mchana kwa fedha yangu, nitaweka filamu nzima, nitashika maiki na kutafsiri mwenyewe. Sauti yangu ni mbaya na ninakohoa. Kiingilio hakitakuwepo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa redio na simu,
Mbuyuni, Moshi.

Nakala:
DJ wa studio, akabidhiwe mkononi, si kwa muuza karanga.
Kijana wangu wa kazi, ambaye bado ananidai jibu.